Kona ya Kadi ya Nekesa

Kama uliwahi kuamka Bondeni, hapa Nakuru, siku ya Jumamosi, kwenye zile nyumba za kanjo, za baraza la mji, zilizobanana ukuta kwa ukuta, basi uliisikia. Saa tatu kamili simu ililia nyumba ya kwanza, mara moja tu, ikakatika. Halafu ya pili. Halafu ya tatu. Ulikaa na chai yako ukiisikia ikija upande wako, mlango kwa mlango, mpaka yako nayo itikisike mezani. Mgeni aliuliza, "Ni nini hiyo?" Nasi tulimjibu bila hata kugeuka, "Ni Mwalimu anaita register."

Ilikuwa flash. Anakupigia, anakata kabla hujashika, nawe unamrudishia flash yako. Hiyo yako ilimaanisha jambo moja: niko. Hakutaka kingine. Ukijifanya mwerevu ukapiga ukangoja aongee, hakushika. Mtu aliyekaa nusu ya maisha yake akiwa opereta wa simu, wale wa zamani wa kuchomeka waya, na huwezi kumpata akisema haloo! Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema simu ni ya kujua kama mtu yuko, na maneno yana mahali pake, watu wakikaa na kuangaliana. Lakini ukienda kukaa naye muangaliane, dakika ya kumi anakuuliza kama huna kazi kwenu. Huyo ndiye Mwalimu. Nimemjua miaka mingi na bado sijui alitaka tumfanyie nini.

Mwalimu wa kompyuta, nieleweke. Chuo chake kilikuwa chumba kimoja nyuma ya posho mill, mashine nane, zinazowaka tatu. Unga ulipita chini ya mlango ukatua kwenye kibodi, kwa hivyo tulirudi nyumbani na vidole vyeupe. Vyuo vingine mjini vilifundisha watoto kutengeneza michezo na picha zinazocheza. Kwake ulianza na kitabu cha anwani na ukamaliza na kitabu cha anwani. Jina, namba, nyumba. Weka mtu, tafuta mtu, hamisha mtu. Kumfuta mtu hakukufundisha. Ukiuliza, alikutazama kama umetukana.

"Unamfuta unampeleka wapi?" alikuwa akisema.

Alikuwa na misemo, na mingi ilikuwa ya kutuuma. "Kompyuta haina makosa yake, ina yako." "Haraka ya leo ni machozi ya Jumatatu." Alituimbia tutunze kopi ya kila kitu, kopi mbili, moja uipeleke kwa jirani. Na yeye mwenyewe? Kitabu chake cha anwani, kile cha kweli cha mtaa mzima, kilikuwa sanduku moja la viatu lililojaa kadi za karatasi. Sanduku moja! Panya mmoja mwenye njaa na Bondeni yote imeliwa. Nilimwambia hivyo akacheka mpaka akakohoa.

Kuna somo moja lake ninalotaka ulishike, kwa sababu mimi sikulishika. Alitaka kutufundisha kwamba ukiipa orodha majina mawili hujatengeneza orodha mbili. Akamchukua Mama Swaleh, jirani yetu, mama wa familia ya Kiislamu iliyotoka Pwani zamani, anayeuza mahamri pale kona.

"Mimi namwita Mama Swaleh," alisema. "Mzee wake anamwita Zuhura. Sasa nikimpelekea Mama Swaleh mkate, Zuhura atalala njaa?"

Tukacheka. "Hapana, Mwalimu."

"Na nikimmwagia Zuhura maji, Mama Swaleh atabaki mkavu?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Majina mawili, mtu mmoja. Jina si mtu. Jina ni njia ya kumfikia tu."

Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari mara mbili, nikasahau. Ndivyo wanafunzi tulivyo.

Ule mchezo wa register haukuwa mchezo. Usiporudisha flash Jumamosi nne mfululizo, Mwalimu alivaa koti, akachukua bakora, akaja kwako kwa miguu. Mama Swaleh aliwahi kusahau simu kwa dada yake mwezi mzima. Siku ya harusi ya mwanawe, ua umejaa watu, pilau imepakuliwa, mlango unagongwa. Mwalimu.

"Uko?"

"Niko, Mwalimu. Karibu ule."

"Asante. Basi." Akageuka akaenda zake. Mpaka leo Mama Swaleh akisimulia anajipiga mapaja. "Huyu mzee alikuja kuhakikisha sijafa, akakataa pilau yangu!"

Lakini akifika akakuta viti vimepangwa nje na watu wamenyamaza, aliingia, alisalimia, kisha akarudi nyumbani akaitoa kadi yako akaikunja kona ya juu, upande wa kulia. Hakuichana, hakuitoa sandukuni. Kadi zilizokunjwa zilikaa pamoja na zisizokunjwa, kwa majirani wao walewale. Nilipitisha kidole changu juu ya sanduku lile nikiwa mwanafunzi na nikahisi kona zimekosekana, hapa moja, pale mbili, halafu mahali fulani tano kwa mpigo. Niliutoa mkono haraka. Sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa Nekesa. Nekesa alikuwa binti yake, mtoto pekee, na mama yake alikuwa ameshatangulia, amezikwa Elburgon kwenye shamba la dada yake Mwalimu. Asubuhi moja Nekesa alifunga kitambaa kichwani, akamwambia baba yake atachelewa kidogo kurudi kutoka kazini, akatoka. Hakurudi. Miaka kumi na moja. Alitafutwa hospitali, alitafutwa polisi, alitafutwa kwa watu wa maombi, alitafutwa mpaka mochari ambako Mwalimu aliingia peke yake na kutoka akisema neno moja, "Hayuko." Namba yake ilisema mteja hapatikani kwa sasa, na kila Jumamosi, akishamaliza mtaa mzima, Mwalimu aliipiga hiyo mwisho. Aliisikiliza ile sauti mpaka imalize kusema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Halafu aliweka simu chini.

Kwao, watu wa Magharibi mwa Kenya, mtu akipotea akakosekana kabisa, kuna njia. Mgomba wa ndizi unazikwa mahali pake, watu wanalia, na roho yake inajua ina nyumba. Dada yake alimwomba kila Krismasi. Alimwambia mtoto anatangatanga, mfanyie mahali alale. Na Mwalimu alijibu vilevile kila mara, na mimi nimesikia kwa masikio yangu: "Siwezi kukunja kona ya kadi ya Nekesa. Mkono wangu hautafanya hiyo kazi." Mtu wa kuhesabu walio hai kila wiki, na wa kwake mwenyewe hajui amweke upande gani. Iliniuma. Bado inaniuma.

Basi macho yake yakaanza kwenda. Kadi alizisoma kwa lenzi, halafu kwa lenzi na tochi, halafu akawa anazinusa tu. Mimi wakati huo nilikuwa na saiba yangu, duka la kompyuta, hapo stage ya chini ya matatu, najazia watu fomu, napiga chapa, nafunika vitambulisho plastiki. Siku moja akaja na lile sanduku kwapani, akaliweka juu ya kaunta.

"Njeri. Nilikufundisha kitabu cha anwani ama sikukufundisha?"

"Ulinifundisha, Mwalimu."

"Nitengenezee. Orodha mbili. Wapo, na wametangulia. Herufi kubwa."

Nilifurahi, wacha nikwambie ukweli. Nilivimba kichwa. Wiki nzima niliingiza kadi, wasiokunjwa kwenye wapo, waliokunjwa kwenye wametangulia, na nilipomfikia Nekesa niliipapasa kona yake, nzima, nikamweka wapo. Na pale juu kabisa, mahali pa kutengeneza zile orodha mbili tupu, mimi nikajiona fundi. Badala ya mistari miwili nikaandika mmoja: wapo ni wametangulia ni orodha tupu. Vizuri, safi, kifupi. Haraka ya leo.

Siku ya kuichukua alikuja mapema. Wateja walikuwa foleni mpaka nje, mmoja ananipigia kelele mambo ya passport. Nikabonyeza, printa ikatoa karatasi ya WAMETANGULIA kwanza, nikampa, nikarudi kwa wa passport. Kwa kona ya jicho nilimwona amekaa kwenye benchi, lenzi kwenye jicho, karatasi puani, kidole kikishuka jina kwa jina. Kikasimama. Kilikaa hapo muda mrefu. Halafu akaikunja karatasi mara nne akaitia ndani ya koti.

"Kwani hungoji ya pili, Mwalimu?"

"Hii inatosha."

Akatoa mfukoni ile kabambe yake, simu ndogo ya vitufe aliyopigia flash miaka yote, akaiweka juu ya sanduku la kadi. "Kaa na hizi. Jumamosi uwaite wewe." Akatoka na bakora yake. Nilidhani ni uzee.

Jioni ndiyo nikaangalia kopi iliyobaki kwenye skrini. Wametangulia. Wa kwanza, Mama Swaleh, ambaye mahamri yake yalikuwa yanapoa mbele yangu. Wa nne, Mwalimu. Ukurasa wa pili, mimi. Jina langu, namba yangu, nyumba yangu, katikati ya watu niliowasindikiza makaburini.

Nikajiambia Njeri, umechoka, umeandika vibaya. Nikajitoa kwenye wametangulia. Nikafungua wapo kujihakikishia, na siko. Nimejifuta kwa wafu, nimepotea na kwa walio hai. Nikajirudisha wapo, nikatokea wametangulia. Nikamtoa Mama Swaleh huku, akatoweka kule. Nikaongeza jina la uongo upande huu, likawa linaningoja upande ule. Nilizima mashine nikaenda nyumbani na sikupita karibu na sanduku.

Siku mbili nilihangaika hivyo, natafuta kosa mahali pengi, nalaumu virusi, nalaumu umeme. Siku ya tatu nikaenda kununua mahamri, na mzee wake Mama Swaleh akaita kutoka ndani, "Zuhura!" na Mama Swaleh akageuka. Nikaacha mahamri pale kaunta nikakimbia. Ule mstari mmoja. Sikuwa nimetengeneza orodha mbili. Nilitengeneza moja nikaipa majina mawili, na watu wote wa Bondeni, wazima na wafu, niliwatia humo pamoja. Nikaandika mistari miwili kama mtu mwenye adabu, kila orodha na yake, na wote wakaenda mahali pao. Nekesa akarudi wapo.

Mlango wa Mwalimu nilikuta kufuli, na majirani wakasema ameenda kwa dada yake Elburgon. Nikampigia simu huyo dada. Nikamwambia mwambie Mwalimu ile karatasi ni makosa, makosa yangu, asiiamini.

Dada yake akasema, "Mwanangu, tumezika jana."

Mgomba ulitolewa kule Bahati kwa rafiki, kwa sababu baridi ya Elburgon haikubali ndizi. Pastor alisema yeye hawezi kuombea mboga, lakini akaja, akasimama pembeni na kofia mkononi. Waliufunga shuka, wakauweka karibu na mama yake Nekesa. Na Mwalimu alilia, dada yake akaniambia, alilia kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango miaka kumi na moja na sasa ameuachilia. "Sasa unataka nimwambie nini?" akaniuliza. Niliketi chini ya kaunta yangu nikalia mimi pia, kwa sababu nilikuwa nimemzika mtoto wa mtu kwa uvivu wa mstari mmoja.

Jumamosi ikafika. Saa tatu nikachukua kabambe nikaita register, mtaa mzima, na flash zikarudi moja moja. Nekesa sikumpigia. Niliona haya. Nimemaliza, nimeiweka simu chini, ikalia. Mara moja. Ikakatika.

Nikatazama namba. Nikaiingiza kwenye programu yangu iliyotengenezwa vizuri. Ikaleta jina moja.

Nilijua cha kusema, nami nikajisemea kwa sauti: kampuni za simu hutoa namba za zamani kwa watu wapya. Mtu fulani mahali fulani amenunua laini. Sawa. Lakini huyo mtu wa laini mpya, hii kabambe ya Mwalimu aliijulia wapi? Na desturi ya Jumamosi saa tatu aliambiwa na nani? Nikapiga. Ilishikwa. Nikasema haloo. Nikasema haloo tena. Hakuna aliyejibu, ila nilisikia mvua, mvua kubwa juu ya mabati, na Nakuru siku hiyo jua lilikuwa linapasua vichwa. Nikakata.

Jumamosi ya pili, baada ya register, vilevile. Mara moja.

Jumamosi ya tatu sikungoja. Nilitoka alfajiri nikaenda Elburgon na kabambe mfukoni, nimejiapiza nitamwambia yote mawili: kosa langu, na hiyo namba. Mji ulinuka mbao mbichi na misumeno ilikuwa imeshaanza kazi. Dada yake alinipokea langoni, lakini hakunipeleka ndani. Alinishika mkono akanizungusha nyuma ya nyumba.

"Angalia mwenyewe. Mimi siugusi."

Kaburi la mama lilikuwa na msalaba na maua ya plastiki. La pembeni lilikuwa udongo mtupu, na katikati ya udongo lilitoka jani. Kijani, limejikunja kama karatasi, refu kama mkono wangu. Elburgon, na baridi ile.

"Pastor anasema tukate," akasema. "Nimemwambia aje na panga lake mwenyewe. Hajaja."

"Mwalimu anajua?"

"Haoni. Na nani atamwambia?"

Alikuwa amekaa sebuleni karibu na dirisha, blanketi magotini, macho yote mawili meupe. Alikuwa amepungua, lakini shingo bado imenyooka. Nilipoingia alisema jina langu kabla sijasalimia, halafu akaniuliza kama mtaa wote uko. Nikasema wako. Akauliza Mama Swaleh. Nikasema yuko, anakusalimia, bado anakudai kula pilau. Akatabasamu.

Nikapiga magoti. Sijui kwa nini nilipiga magoti. "Mwalimu, ile karatasi. Ilikuwa makosa. Nilitengeneza orodha moja nikaipa majina mawili. Nekesa hakuwa wametangulia. Nilikukosea. Nisamehe."

Mkono wake ukanitafuta ukatua kichwani kwangu.

"Wa nne alikuwa nani?" akauliza.

"Mwalimu?"

"Kwenye karatasi yako. Jina la nne."

"Wewe."

"Mimi. Nilijisoma nimekufa nikiwa nimekaa kwenye benchi lako, Njeri. Nikamsoma Mama Swaleh na ananiuzia mahamri. Wewe unafikiri nani alifundisha hilo kosa?" Akacheka kidogo, kikohozi kikamkata. "Nilijua kabla sijafika kwa Nekesa."

"Basi kwa nini..."

"Kwa sababu nilikwambia mkono wangu hauwezi. Nilikuwa nangoja mkono mwingine. Wako ulikosea vizuri." Akafuta jicho kwa ncha ya blanketi. "Nilichoka, mama. Kumwita mtu kila wiki na kuambiwa hapatikani, hapatikani. Nilitaka nilale Jumamosi moja. Tangu tumzike, nalala."

Hapo, wewe ungemwambia? Mtu amelala usingizi baada ya miaka kumi na moja. Niliangalia yale macho na yale niliyojiapiza njiani yakaniyeyukia mdomoni.

"Una jambo lingine?" akauliza. Daima alijua.

"Hapana, Mwalimu."

Mvua ikaanza. Mvua ya Elburgon haibishi hodi, inaangukia tu. Ikapiga mabati mpaka dada yake akaingia akifunga madirisha, na mimi nilikuwa nimeganda pale pale magotini, kwa sababu ile sauti niliijua. Niliwahi kuisikia kwenye simu.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika chache. Sikuwa nimeita register, ndiyo Jumamosi ya kwanza mtaa haukuitwa. Na mfukoni mwangu kabambe ikalia. Mara moja. Ikakatika.

Dada yake akasimama na mkono juu ya komeo. Mwalimu aliinua uso.

"Nani huyo?"

"Ni wrong number, Mwalimu."

"Wrong number hulia mpaka ichoke." Akanyoosha kiganja, na nikamwekea kabambe. Hakuweza kuisoma. Aliishika tu, akaipapasa vitufe kwa kidole gumba kama alivyokuwa akipapasa kona za kadi, na mvua ikazidi. Nilimwona akielewa. Hakuuliza tangu lini, wala vipi. Machozi yalishuka na sauti yake ikabaki ya darasani.

Akanirudishia simu.

"Mrudishie, Njeri," akasema. "Haraka. Asije akafikiri ni sisi tumetangulia."